Kidari cha Mjomba

Vudee, 7 Januari 2025

Tumainieli,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Naiweka hapa mapema ili usije ukasema shangazi alikataa salamu yako. Huku tu wazima. Mvua za vuli zimeishia njiani, ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ina tope tupu, na maharage yamekauka kabla ya kutoa maua. Baba yako mdogo Clemence ameng'oka jino la mbele, sasa akiomba sala anapiga mluzi. Dada yako Diana anaamka, anapika, analala. Hasemi na mtu.

Nimeamua kukuandikia barua kwa sababu ukoo umekutoa kwenye grupu, na nikikupigia simu nitatukana, na mimi ni mzee wa kanisa. Halafu ukinitumia vile vikatuni vyako vinavyocheka mpaka machozi, simu nitaitupa chooni. Barua nampa Sefu, konda wa basi la Morogoro. Hana tabia ya kufungua vya watu.

Sasa nikuulize, daktari wa mbuzi. Nani alikutuma?

Watu wametoka Hedaru na mbuzi wao, wamekuja kumposa dada yako kwa heshima zote. Clemence ameshanoa kisu. Mtu amekata mbuzi wa ukoo huu tangu hujazaliwa, kila kipande anajua kinakwenda kwa nani. Wewe unainuka, unavaa glovu. Glovu, Tumainieli, mbele ya wakwe! Unasema, "Baba mdogo, kaa pembeni, hii ndiyo kazi ninayosomea." Unamlaza mnyama, unamfungua ubavuni upande wa kushoto, unakata mbavu mojamoja, unawaita wageni waje waone moyo ulivyokaa. Majina ya Kilatini yanakutoka utadhani padri wa zamani. Ulipomaliza, kidari kilikuwa vipande viwili, na mfupa wa kifua hauna mbavu za upande mmoja.

Kidari ni cha mjomba. Kizima, hakijaguswa na kisu, kinafungwa kwenye jani la mgomba, mjomba anakipokea kwa mikono miwili, ndipo anatamka kwamba binti wa dada yake amemwachia aolewe. Mtoto wa chekechea wa hapa Vudee analijua hilo. Mjomba wenu Sylvester alitoka Lembeni alfajiri, akakaa kwenye kiti mpaka jua la mchana akingoja kitu hicho kimoja. Alipoona ulichofanya alichukua kofia yake akaondoka. Hakuaga hata mbwa.

Harusi ni tarehe 14 Juni. Baba yenu hayupo, mama yenu hayupo. Wa kumshika Diana mkono mpaka madhabahuni ni huyo mjomba mmoja mliyebaki naye. Diana kasema bila yeye haingii kanisani, na watu wa Hedaru wameanza kuuliza kama wanaoa kwenye ukoo au kwenye maabara.

Pasaka utakuja. Utatafuta mbuzi, Clemence atamkata, wewe utabeba kidari mpaka Lembeni ukapige magoti. Nimemaliza.

Shangazi yako, Irine

Morogoro, 11 Februari 2025

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika inanuka dagaa, sijui Sefu aliiweka wapi. Mimi mzima. Morogoro ni joto, chumbani tuko wanne, feni ipo lakini ni pambo. Mpe Clemence pole ya jino. Diana namsalimu, maana simu zangu hapokei.

Sasa, kwa heshima na taadhima, nimecheka. Mzee mzima, ana duka la mabati na misumari pale stesheni, watu wanamwita mheshimiwa, ananuna mwezi na nusu kwa sababu ya nyama? Tena ya mbuzi! Ndiyo maana watu wanatutania Wapare kwamba tunauza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya kuku. Mimi nilikuwa nawakatalia. Sasa nitawakatalia vipi?

Na msidhani nilikuwa nacheza. Kifua kinafunguliwa hivyohivyo. Mnyama analala kwa ubavu wa kulia, unatoa mguu wa mbele wa kushoto, unakata mbavu taratibu, halafu moyo unauona ukiwa pale pale ulipowekwa na Mungu. Clemence anamfungua mbuzi kama mtu anayemwaga kiroba cha mkaa. Kila kitu kinaporomoka, hujui kipi kilikuwa wapi.

Sisi maabara tuko kumi na wawili mezani kwa mbuzi mmoja. Amelowekwa fomalini, dawa ya kumzuia asioze, macho yanawasha, mikono inanuka mpaka kwenye wali wa jioni. Wiki nzima tumetafuta mshipa mmoja wa fahamu wa shingoni, mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Mwenzetu mmoja aliukata kwa haraka zake, mwalimu akamwambia akae chini alie kidogo kisha aanze upande wa pili. Hatumkati ili tumgawane, Shangazi. Tunamkata ili tujue. Ninyi mnajua kidari ni cha nani, mimi najua kilichoko nyuma ya kidari. Hebu niambie, mjinga ni nani hapo?

Magoti sipigi. Pasaka nitapita Lembeni peke yangu, nikae na mjomba nimwambie ana kwa ana kwamba anamtesa Diana bure. Akiwa na akili zake atanisikia.

Mwanao msomi, Tumainieli

Vudee, 12 Machi 2025

Tumainieli,

Marahaba. Mvua imeanza, tumepanda mahindi. Jirani yetu Hedwiga, yule bibi mjane wa hapo chini, ameteleza jikoni kwake akaumia nyonga. Anakusalimu, anasema ulikuwa mtoto mzuri. Sikumkatalia, mgonjwa habishiwi.

Mjinga ni nani, unauliza. Mjinga ni mtu aliyeingia chuoni Novemba akarudi Desemba kutufundisha kuchinja. Mmekaa kumi na wawili mnamchokonoa mbuzi mmoja muhula mzima, na bado hamjammaliza! Clemence peke yake anammaliza kabla chai haijapoa, na watu wanakula wanashiba. Huyo wenu hata fisi hamtaki. Eti mkate mshipa mkae chini mlie. Nimemsomea Clemence mahali hapo, amecheka mpaka mluzi ukageuka king'ora.

Lakini sikiliza, hili silisemi kwa utani. Lembeni usiende. Kwa Sylvester huendi peke yako, na kuongea huendi kabisa. Utabeba kidari, utapiga magoti, utarudi. Unashangaa mtu mzima kununia nyama? Ana sababu zake, na si za kukuhusu wewe. Ungemharibu yule mbuzi mahali pengine popote, ungekata mapaja, ungechana tumbo, angekutukana akakusamehe. Lakini kifua! Mbele ya macho yake, huku unaita watu waje watazame!

Mama yenu alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Hilo unalijua na halina nyongeza.

Soma, acha kudadisi.

Shangazi Irine

Morogoro, 26 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwa sababu ya adabu, usifikiri ni zaidi ya hapo. Wote huko wasalimie.

Sikukuuliza habari za mama. Kwenye barua yangu hamna mahali nilipomtaja. Umenijibu swali ambalo sikuuliza, ndipo nikajua lazima niende Lembeni.

Nilifika Jumatatu ya Pasaka. Mjomba alikuwa dukani anapima misumari. Nilikuwa na hotuba yangu tayari, nimeipanga tangu Chalinze. Nikamwambia, mjomba, hii ni nyama tu, tusimwadhibu Diana. Hakuacha kupima. Akasema, "Kwenu mna tabia ya kufungua vifua vya watu wangu bila kuniita." Nikacheka, nikamwambia yule alikuwa mbuzi, mjomba. Akaniangalia, akaweka mizani chini. Akasema, "Kumbe hukuambiwa."

Basi akaniambia yeye. Kwamba mama alipofikishwa hospitali ameshakufa, daktari akauliza kama wampasue wajue kilichomuua, na wewe ukasema mpasueni. Kwamba yeye, ndugu yake wa tumbo moja, alikuwa Tanga, mwendo wa siku moja, na hukumngoja. Alikuja kusikia baada ya miaka miwili, tena kwa mwanamke wa kanisani aliyesaidia kumvalisha mama. Akapanda Vudee kukuuliza. Ukamjibu, "Wewe ulikuwa wapi?" ukaingia ndani ukafunga mlango.

Nilikuwa darasa la sita, Shangazi. Ulinifundisha kusema moyo ulisimama. Miaka tisa nasema moyo ulisimama kama kasuku. Halafu unanicheka mimi kwa sababu ya glovu! Unanidharau kwa mbuzi, wakati wewe ulimtoa mama yangu akakatwe na hukumwambia mtu!

Tangu nirudi sijaingia maabara. Jumatano nilivaa koti, nikafika mlangoni, harufu ya fomalini ikanijia, nikageuka nikarudi chumbani. Najua mama hakulazwa kama tunavyomlaza mbuzi. Kujua hakunisaidii. Najiuliza aliyemkata alikuwa nani, alikuwa anaongea habari za mpira huku anakata, kama sisi tunavyofanya?

Mjomba aliniuliza kitu kimoja tu, nikashindwa kumjibu. Aliuliza kama walimrudishia kila kitu chake na kama walimshona. Wewe unajua. Jibu hilo, na ujibu kwa nini. Mengine baki nayo.

Tumainieli

Vudee, 9 Mei 2025

Tumainieli,

Marahaba. Mahindi yamefika magotini. Hedwiga anatembea kwa fimbo. Nimekutajia Hedwiga kwa makusudi, sasa tulia usome.

Siku ile mama yako alikula mchana kwa Hedwiga. Makande, kama siku zote, walikuwa wanakula pamoja tangu baba yako afariki. Akatoka pale, akaanguka njiani kabla hajafika kwetu. Mimi na dereva wa pikapu tukamteremsha hospitali ya Same, akakata roho kwenye gari. Jua halijazama, simu inalia: vijana wamejaa kwa Hedwiga, wanasema bibi amemlisha wifi yangu sumu, wamebeba petroli. Clemence kasimama mlangoni kwake na fimbo, peke yake, na si mtu wa kutisha, unamjua.

Daktari kijana akaniambia, mama, mnaweza kumchukua mkazike au tunaweza kumtazama. Nikamwambia mtazameni, tena sasa hivi.

Ulitaka nimngoje Sylvester? Nikae kwenye benchi nisubiri basi la Tanga, huku bibi wa watu anachomwa na nyumba yake? Simu yake niliipiga haikupatikana. Nikaamua mimi. Wakakuta mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo umechanika. Nikampigia Clemence, akapaza sauti pale uani mpaka wote wakasikia. Wakarudi makwao mmojammoja wakiwa wameficha vidumu nyuma ya migongo. Mashujaa hao! Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyemwambia Hedwiga pole, na wawili kati yao wanakaa kiti cha mbele kanisani wanaimba kwaya.

Ningeulizwa leo ningejibu vilevile. Sylvester alikuja kunifokea uani kwangu utadhani nimeiba kuku, kabla hata hajakaa. Mtu anayekuja na kelele hapewi maelezo. Ninyi sikuwaambia kwa kuwa mlikuwa watoto, baadaye mkawa wakubwa na mimi nikawa nimezoea kunyamaza.

Walimrudishia kila kitu. Walimshona kwa uzi mweusi, kuanzia chini ya shingo kushuka. Nilimwosha mwenyewe kwa mikono hii. Nikamvika blauzi yangu ya shingo ndefu, ile ya harusi ya Clemence, ili ninyi msione kitu mkimuaga. Mwambie Sylvester hivyo, kama hayo masikio yake yanaingiza.

Na wewe rudi darasani. Aliyemfungua mama yako alijifunzia kwenye meza kama yako, kwenye harufu hiyohiyo. Angekuwa mtoro wa kusimama mlangoni na koti lake, Hedwiga leo angekuwa majivu. Kama mlikuwa mnapiga soga za mpira, acheni. Lakini uingie.

Shangazi Irine

Morogoro, 27 Mei 2025

Shangazi yangu, shikamoo.

Natumaini Hedwiga anaendelea vizuri. Mpe salamu zangu za peke yake. Mimi nimeingia maabara. Siku ya kwanza nilishika kitabu tu, wenzangu wakakata. Siku ya pili nikashika kisu. Habari za mpira nimewakataza, wananiita mchungaji.

Ijumaa nilipanda basi, nikanunua mbuzi mnadani Same, nikafika naye Lembeni. Nilitaka kumpeleka kwa mtu anayejua kukata kidari, halafu nipige magoti kama ulivyosema. Nilimweleza mjomba yote ya barua yako, na petroli, na Clemence na fimbo yake, na uzi mweusi, na blauzi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia sasa nitafute mchinjaji. Akasema, "Hapana. Mkate wewe. Kama ulivyofanya Vudee. Nionyeshe."

Tulikuwa nyuma ya duka, tumetandika majani ya mgomba juu ya bati. Nikamchinja. Nikamlaza, nikatoa mguu, nikakata mbavu polepole, sikuita mtu wala kutaja Kilatini. Nikafungua ule mfuko mwembamba unaofunika moyo. Mjomba akachuchumaa. Akauliza, "Na kwake ilikuwa wapi?"

Nikaweka kidole pale mshipa mkuu unapotoka kwenye moyo kuanza kupinda. Akaweka chake kando ya changu. Akauliza kama aliumia sana. Nikamwambia ni kitendo cha muda mfupi. Sijui kama nilisema ukweli, Shangazi, kitabu hakisemi mtu anasikia nini.

Halafu akasema, "Mrudishie." Nikarudisha mbavu, nikarudisha mguu, nikamshona kwa sindano ya magunia na uzi wa katani. Hakuondoa macho mpaka nikafunga fundo. Akavua kofia. Nilidhani atakasirika, kumbe alikuwa analia.

Amenipa maneno nikuletee, nayaandika kama alivyoyasema. "Mwambie Irine, kwa ajili ya Hedwiga alifanya vizuri, na mimi ningekubali. Ila angenitafuta. Nisingewazuia. Nilitaka tu niwe mlangoni, dada yangu asiwe peke yake na watu asiowajua."

Kuhusu harusi hakusema lolote. Nami niliaga bila kumuuliza. Zimebaki wiki mbili na siku kadhaa, na Diana bado hapokei simu yangu. Sijui nimwambie nini hata akipokea.

Mwanao, Tumainieli

Vudee, 5 Juni 2025

Tumainieli,

Marahaba, mwanangu. Hedwiga amezipokea salamu zako, amezirudisha mara mbili. Clemence ameweka jino la bandia, linadondoka kwenye uji.

Peke yake na watu asiowajua! Niliposoma mahali hapo niliinuka kwenye kiti. Nani alikuwa peke yake? Huyo Sylvester miaka yote anabeba jambo ambalo halikuwepo! Nikavaa viatu vya kanisani, nikapanda pikipiki na mgongo huu mbovu, nikashika gari Same, nikashuka Lembeni nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

Dukani kulikuwa na wateja. Sikungoja waondoke. Nikamwambia, "Sylvester, mlangoni nilikuwa mimi. Waliniletea kiti nikakataa. Walinifukuza mara mbili nikarudi. Nilisimama mkono wangu ukiwa kwenye kitasa, namwita jina lake kupitia ule mlango, Dorkasi, Dorkasi, niko hapa wifi yangu, mpaka wakafunga uzi wa mwisho. Hakuwa peke yake hata kidogo."

Wateja wakaondoka wenyewe. Akasema, "Irine, kwa nini hukuniambia hivyo siku ile?"

Nikamwambia, "Uliniuliza nani alitoa ruhusa. Nani alisimama naye, hukuniuliza."

Akazunguka kaunta. Akaleta benchi, akalipangusa kwa kofia yake, akanikalisha. Tukakaa wote wawili tumetazama reli. Tarehe kumi na nne anamshika Diana mkono, kasema yeye mwenyewe, na kidari cha pili hataki kukisikia. Diana nimeshamwambia. Wewe njoo tarehe kumi na mbili, utapokelewa.

Mle dukani sikulia, nilikuwa na safari ya kurudi na sikutaka anione. Nililia stendi ya Same, mchana kweupe, nimeegemea ukuta na mkoba wangu. Watu walipita na mizigo yao, na mama mmoja muuza ndizi akaacha beseni lake akaja kusimama karibu yangu mpaka gari la Vudee likaja.

Shangazi yako, Irine